Boljointi za Tacoma, chumvi ya Ohio na bei ya mkono wa fundi

Ndugu zangu mlioko Marekani mnaoendesha Toyota Tacoma za kizazi cha kwanza, zile za 1995 hadi 2004, na hasa 4x4 na PreRunner (ile ya kuendeshwa na matairi mawili lakini imeinuliwa kama 4x4): kama hamjawahi kuzikagua boljointi za chini, yaani vile viungo vya gololi ndani ya kikombe vinavyoliunganisha tairi la mbele na gari, zikagueni wiki hii. Yangu ni ya 2003, niliinunua kwa mtu hapa Columbus, nayo ndiyo inanipeleka kazini ghalani usiku na kunibebea mbao na magodoro ya watu wanaohama Jumamosi. Nimemaliza kubadilisha zote mbili mbele ya gereji ya nyumba yangu, na nataka kueleza kwa nini sikungoja.

Sababu iko kwenye jinsi gari lilivyoundwa. Katika magari mengi uzito huikandamiza ile gololi ndani ya kikombe chake, kwa hiyo ikilika inagongagonga tu, inakupa muda. Kwenye Tacoma hizi ni kinyume. Boljointi imefungwa kwa bolti nne chini ya chuma kinachobeba habu ya tairi, na mguu wake unaelekea chini kuingia kwenye wishboni, ule mkono wa chuma wa chini unaoshikilia tairi kwenye chasisi. Springi inaisukuma wishboni chini, ardhi inalisukuma tairi juu, na gololi iko katikati inavutwa itoke kwenye kikombe chake saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Kikombe kikishalika vya kutosha, gololi inachomoka. Tairi linalala upande, bawa la gari linakunjika, na mpira wa breki unaweza kukatika. Likitokea unakata kona kwa mwendo mdogo, unalipa pesa nyingi. Likitokea kwenye I-70 asubuhi watu wakienda kazini, sitaki hata kuliwaza.

Mwaka 2005 Toyota wenyewe waliyaita yarudi kurekebishwa bure magari kama 775,000 Marekani, yakiwemo Tacoma za 2001 hadi 2004, kwa sababu gololi zingine zilikuwa na mikwaruzo tangu kiwandani na zingeweza kulika mapema. Ukitaka kujua kama gari lako limewahi kuitwa na bado halijatengenezwa, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa serikali wa usalama wa barabarani, ni bure, ila wito wa zaidi ya miaka 15 kama huu huenda usionekane humo, kwa hiyo waulize pia wakala wa Toyota. Langu lilikuwa limeshashughulikiwa na mwenye gari wa kwanza. Lakini kurekebishwa miaka hiyo hakumaanishi ni zima leo. Boljointi ni kitu cha kulika, kama breki.

Dalili niliisikia kwenye matuta ya maegesho ya kazini: mlio mkavu wa kusaga upande wa kushoto, na usukani mzito kurudi katikati baada ya kona. Nikainyanyua gari kwa jeki kwenye chasisi mpaka tairi likaning'inia, nikashika juu na chini nikatikisa, huku jirani yangu Mkongo amelala chini na tochi anaangalia. Akaniambia, "Ndugu, inacheza. Hii gari usitoke nayo tena." Raba ya vumbi ilikuwa imepasuka, grisi imegeuka uji wa kutu.

Nilipiga simu gereji kuuliza bei. Hapa ndipo maisha ya huku yanapogeuza hesabu tuliyokua nayo. Dar, ukienda Gerezani au Shaurimoyo, kinachokuumiza kichwa ni kipuri: ni halisi au feki, kimetoka Dubai au Japani, kimeng'olewa kwenye gari lipi. Mkono wa fundi unakubaliana nao kwa maneno mawili na chai. Huku kipuri halisi unakipata kwa simu kikakufikia mlangoni, ila gereji nyingi zinadai zaidi ya dola 100 kwa saa moja ya kazi. Kwa bei niliyopewa, kazi peke yake ilizidi vipuri vyote. Siwalaumu hao mafundi, kodi na bima zao nazijua. Lakini kila nikilipa huwa nawafikiria vijana wa Gerezani wanaoshusha gia-boksi wamelala juu ya boksi la katoni, na naona wazi jinsi tulivyowalipa kidogo.

Nilipokuwa napanga apatimenti nisingeweza kufanya hivi. Mkataba ulikataza kutengeneza gari kwenye maegesho, na wapangaji wengi wetu bado wamebanwa na sheria hiyo, kwa hiyo someni mikataba yenu kabla ya kufungua nati.

Kazi yenyewe si ngumu. Adui ni chumvi. Ohio wanaimwaga barabarani majira yote ya baridi, inabaki chini ya gari na unyevu, na bolti inashikana na chuma kana kwamba vilizaliwa pamoja. Kwa hiyo jioni ya kabla ya kazi nilisugua bolti zote kwa brashi ya waya, nikazipulizia PB Blaster, dawa ya kulegeza kutu, nikarudia kabla ya kulala. Usiku huo mmoja wa kungoja ndio uliookoa bolti zangu zisikatike vichwa.

Asubuhi niliweka vigingi nyuma ya matairi ya nyuma, nikalegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, nikanyanyua, nikaweka stendi mbili chini ya chasisi. Hapa sina utani na mtu: jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kukaa. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kama unachukua tu spana iliyodondoka. Jeki niliihamishia chini ya wishboni ili isishuke ghafla.

Kwenye gari hili tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza tairi, imefungwa kwenye boljointi yenyewe, hivyo ndiyo inayotoka kwanza. Unatoa splitpini, unalegeza nati bila kuitoa kabisa, unapiga nyundo ubavuni mwa chuma kilichoushika mguu, si kichwani mwa mguu wenyewe wenye nyuzi, mpaka ujiachie. Kisha nati ya chini kwenye wishboni kwa namna hiyo hiyo, kisha bolti nne. Kalipa ya breki haiguswi. Waya wa ABS uangalie usivutike. Kushoto na kulia si sawa, kwa sababu ya mkono wa tairodi, kwa hiyo soma namba kwenye boksi kabla hujafungua chochote.

Nilinunua vya Toyota, pamoja na bolti mpya. Kwenye gari ambalo gololi inavutwa muda wote, sioni haja ya kuokoa dola chache kwa kipuri cha jina nisilolijua. Bolti nilizipaka gundi ya nyuzi na kuzikaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, futi-paundi 59 kila moja, kisha splitpini mpya. Toki renchi yenyewe nilikuwa nimeiazima AutoZone, duka la vipuri: unaacha amana, unarudisha kifaa, unarudishiwa pesa yako yote. Wageni wengi hawajui huduma hii ipo, na wanaishia kununua vifaa vya kutumia mara moja.

Baada ya hapo nilienda kufanya alaimenti, kunyoosha matairi, na mlio umeisha. Bolti nilizichora mstari wa rangi nyeupe ili nikichungulia nione kama kuna iliyozunguka. Hakuna.

Jirani yangu naye ana Ford F-250 yenye eksili nzima mbele, na boljointi zake zimeanza kucheza. Zile hazifungwi kwa bolti, zinashindiliwa ndani ya chuma kwa nguvu, kwa hiyo lazima presi. Hiyo nayo inaazimwa dukani. Tumekubaliana Jumamosi asubuhi, tukitoka zamu, na tayari nimempa kopo la PB Blaster aanze kupulizia Alhamisi.