Msiliamini joto hili la Oktoba

Ndugu zangu mliohamia Minnesota mwaka huu, nawaona mnatoka na ndala. Nyuzi 24 mwezi huu ni raha kweli, hata mimi nimeanika mashuka nje. Lakini upepo huu unatoka kusini, umebeba joto la Ghuba ya Meksiko. Utabiri unasema Alhamisi usiku utageuka na kuvuma kutoka kaskazini-magharibi. Hewa baridi ya Kanada ni nzito, hupenya chini ya ile ya joto na kuisukuma juu. Mvua inanyesha, kisha baridi inaingia ndani ya saa chache tu.

Tarehe 11 Novemba 1940 asubuhi ilikuwa ya vuguvugu namna hii. Wawindaji wa bata wakaenda mto Mississippi na nguo nyepesi. Mchana ukavuma upepo mkali, ikaja mvua, halafu theluji. Minnesota peke yake walikufa watu 49, karibu nusu yao wawindaji.

Basi tafuteni makoti ya watoto leo, na kofia, na glavu. Mama ambaye mwanawe hana koti aniandikie. Ninayo mawili yaliyowabana wanangu.