Ploti namba 17
Alama 60 zilikuwa zimeshapangwa kwenye ramani kabla sijafunga hata kamba za viatu. Kompyuta ndiyo iliyozichagua kwa kubahatisha, na sababu yake nilielezwa siku ya kwanza: mtu akiachiwa achague mwenyewe, miguu humpeleka kivulini. Nikaitikia kwa kichwa. Siku ya nne miguu yangu ikanipeleka kivulini.

Tulikuwa tunapima uoto wa asili kwenye eneo ambalo lingechimbwa shaba. Unaifuata alama kwa GPS, unapigilia vigingi vinne, unazungusha kamba, unapata ploti ya mita 20 kwa 20. Kila mti unapimwa kipenyo kwa utepe, mita 1.3 kutoka ardhini. Halafu ndani ya ploti unalaza fremu za mita 1 kwa 1, unapiga magoti na kuandika kila kinachoota humo, nyasi kwa nyasi, na kimefunika ardhi kiasi gani. Tulitumia alama za Braun-Blanquet, yule mtaalamu wa mimea wa Uswisi: 5 ni zaidi ya robo tatu ya ardhi, na alama ya kujumlisha ni vijimea vichache visivyofunika chochote cha maana. Vitabu vinaeleza hayo yote vizuri. Habari za magoti havisemi.

Alama ya 17 iliangukia kwenye uwazi. Changarawe, mawe yenye madoa ya kijani, vijani vya hapa na pale vilivyokauka nusu, na jua la saa saba. Mita 38 mbele msitu ulikuwa umeanza, na miti mizuri kweli kweli. Nikajiambia pale wazi hakuna cha kuandika, na fomu isiyo na kitu ni hasara kwa kila mtu. Nikasogea. Nikapata aina 31 za mimea, nikapiga picha, nikarudi kambini nikiwa nimeridhika.

Mkuu wetu, mama mmoja ambaye sote tulimwita Dokta, alikuwa na desturi ya kupitia fomu zote kila jioni huku akibadilisha magazeti kwenye mbao za kukandamizia mimea ili sampuli zisiote ukungu. Aliitazama picha yangu kwa muda mrefu, kisha akaangalia namba za GPS.

"Kijana, hii 17 umeipiga wapi?"

"Palepale, Dokta."

Hakusema neno. Ningefurahi zaidi kama angefoka.

Asubuhi tulikwenda wawili tu. Alisimama kwenye alama yenyewe, akalaza fremu juu ya changarawe, akanipa lenzi yake. "Hesabu."

Nikapiga magoti. Mwanzoni niliona mawe tu. Baadaye kidogo nikaona kimmea cha urefu wa kidole, majani membamba kama sindano, na ua moja la zambarau dogo kuliko punje ya mchele. Karibu nacho kingine, si jamii yake. Halafu nyasi nyembamba iliyojificha kwenye ufa wa jiwe. Tulipomaliza ploti nzima zilikuwa aina 9, na kati yake 6 hazikuwa zimeonekana kwenye ploti yoyote nyingine, si kabla wala baada ya hapo.

Dokta akanieleza huku akichimba kimoja pamoja na mizizi yake. Shaba ikizidi udongoni ni sumu kwa mizizi ya miti mingi, ndiyo maana pale palikuwa wazi. Inabaki mimea michache iliyozoea, na baadhi yake haioti popote pengine. Akanitajia *Haumaniastrum katangense* wa kusini mwa Kongo, jamaa ya mnanaa, ambao wapimaji wa miamba waliutumia kama ishara ya shaba. Huko Ubelgiji, akasema, kuna ua la njano linaloitwa *Viola calaminaria* linalopenda udongo wenye zinki.

Nikayatazama tena yale madoa ya kijani kwenye mawe. "Kwa hiyo hapa ndipo watakapoanzia kuchimba."

"Andika kwanza," akasema.

Fomu yangu ya mwanzo nilitaka kuichana. Akanikatalia. Nilipaswa kuikata kwa mstari mmoja ili maandishi yaendelee kusomeka, niandike sababu, tarehe na sahihi yangu. Sababu niliyoandika ilikuwa "alama haikufuatwa". Akaisoma, akanirudishia, nikaongeza "na mimi".

Mvua zilipopita tulirudi kwenye uwazi ule. Mpaka wa shimo haukuweza kusogezwa, kwa kuwa madini yalikuwa hapo hapo. Kilichowezekana ni kukusanya mbegu na kukwangua udongo wa juu, kama sentimita 15 ambamo mbegu nyingi hulala, kisha kuutandaza mahali pengine penye mawe kama yale. Udongo huo haurundikwi uwe kilima, maana vilivyo hai ndani yake hufa. Mbegu tulizitia kwenye bahasha za karatasi, si za plastiki, zisije zikaoza. Kuandika lebo nilipewa mimi. Kwenye kila bahasha, chini ya jina la mmea au alama ya kuuliza pale jina lilipokosekana, niliandika 17.