Hati iliyo wazi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Yeremia 32:6–15.

Yeremia yuko kifungoni, Yerusalemu imezingirwa, naye ananunua shamba la binamu yake Hanameli kule Anathothi. Zamani mistari hii nilikuwa nairuka. Nani atafute baraka kwenye karatasi za mauziano? Lakini tazama utaratibu wake: shekeli 17 za fedha zinapimwa kwenye mizani, mashahidi wanatia sahihi, na hati ziko mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi. Baruku, mwandishi wa Yeremia, anaambiwa aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

Safari hii nimeisoma nikiwa na hati nyingine kichwani. Mwishoni mwa karne ya 19, John C. C. Mayo, aliyekuwa mwalimu wa shule, alizunguka mabonde ya mashariki mwa Kentucky, Marekani, akinunua makaa ya mawe yaliyo chini ya mashamba ya watu. Inasimuliwa kwamba mkewe Alice alifuatana naye akiwa ameshonea sarafu za dhahabu ndani ya gauni. Fikiria familia inayoshika fedha taslimu kwa nadra, dhahabu imewekwa mezani! Bei ilikuwa nusu dola kwa ekari, pengine dola chache. Tena mgeni hakumfukuza mtu. Nyumba ilibaki yao, na mahindi yao. Wasiojua kusoma waliweka alama ya X, kama wazee wetu walivyoweka dole gumba.

Maandishi yalibeba mengi. Mnunuzi na warithi wake waliruhusiwa kukata miti, kutumia maji, kupitisha barabara na reli, wala wasidaiwe kwa uharibifu. Muuzaji alibaki na udongo wa juu, pamoja na kodi yake.

Mfalme Ahabu alihitaji mashahidi wa uongo, na Nabothi apigwe mawe hadi kufa, ili apate shamba lake. Hapa kalamu ilitosha. Mtu akisema "si walikubali wenyewe?" sina la kumjibu haraka, na ndilo linaloninyima usingizi.

Maana waliouza walifikiria shimo ubavuni mwa mlima, na watu wenye sururu. Katikati ya karne ya 20 yakaja matingatinga, yakakwangua milima kutoka juu, na wajukuu walipolalamika mahakamani wakaonyeshwa X ya babu. Mwaka 1965, katika kaunti ya Knott, mjane Ollie Combs, mwenye umri wa miaka 61, alilala mbele ya tingatinga mlimani, upande wa juu wa nyumba yake. Askari wakamwinua wakambeba, na mlo wa Sikukuu ya Shukrani akaulia jela. Ilipofika 1988 ndipo wapiga kura wa Kentucky, zaidi ya asilimia 80, waliporekebisha katiba: penye hati za namna ile, makaa yachimbwe kwa njia zilizojulikana mahali pale hati ilipoandikwa. Chombo cha udongo cha Kentucky nacho kilidumu siku nyingi.

Jumatano tutaendelea na mstari wa 16, Yeremia anapoomba baada ya kumkabidhi Baruku hati. Mwenye mzazi asiyejua kusoma, na hati ya shamba iko sandukuni, amsomee kwanza yote kwa sauti, hata yale maandishi madogo ya nyuma.