GHz 1.6 Mbili Zisizo Sawa: Atom N270 na AMD E-350

Mezani pangu pana kompyuta mpakato mbili ndogo ambazo nimezifungua wiki hii ili nizipanguse vumbi na kubadilisha pesti inayopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye kipozaji. Moja inaendeshwa na prosesa ya Intel Atom N270, nyingine na AMD E-350. Zote mbili zimeandikiwa kasi ya GHz 1.6 (mipigo bilioni 1.6 kwa sekunde), zote mbili zilibuniwa kwa ajili ya mashine nyepesi zinazotakiwa kula umeme kidogo, na mtu anayenunua kompyuta iliyotumika kwa kuangalia tarakimu hiyo peke yake atasema hakuna cha kuchagua kati yake. Nimezitumia zote mbili kwa miaka, na ninasema bila kusita kwamba tarakimu hiyo humpotosha mnunuzi, kama vile tarakimu ya wati nayo inavyompotosha, ila kwa kumvuta upande wa pili.

N270 ilitoka mwaka 2008, katika wimbi la kompyuta ndogo za bei nafuu kama Eee PC za ASUS, Aspire One ya Acer na Wind ya MSI. Ilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 45, ina kiini kimoja (sehemu inayotekeleza amri za programu) kinachoweza kushughulikia nyuzi mbili za kazi kwa utaratibu wa Hyper-Threading, na ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya daraja la pili ya KB 512. E-350 ilifuata Januari 2011 kwa teknolojia ya nanomita 40, ikiwa na viini viwili vya aina ya Bobcat, kila kimoja na kashe yake ya KB 512, na kitengo cha michoro cha Radeon HD 6310 kikiwa kimechongwa ndani ya silikoni hiyohiyo. Kwa hiyo viini viwili dhidi ya kimoja ni tofauti ya kwanza, lakini siyo iliyo kubwa kuliko zote.

Tofauti kubwa imo katika namna kiini kimoja kinavyofanya kazi. Amri za programu huifikia prosesa zikiwa zimepangwa mstari, moja baada ya nyingine. N270 huzitekeleza kwa mpangilio uleule zilizokuja nao, na hata zile mbili inazoweza kuzianza kwa mpigo mmoja lazima ziwe zimefuatana. Shida hujitokeza pale amri fulani inapohitaji data isiyokuwamo kwenye kashe, ambayo lazima ifuatwe kwenye RAM, safari inayochukua mipigo mingi ya saa ya prosesa. Fikiria dirisha moja la kuhudumia watu ambapo aliye mbele amesahau kitambulisho na amemtuma mtu akamletee, na karani anakaa tu kumngoja ilhali nyuma yake wamesimama watu wenye karatasi zao zote mkononi. Kiini cha Bobcat ni karani aliyepewa ruhusa ya kumwomba huyo wa mbele asogee kando, akawahudumia walio tayari, kisha akatoa stakabadhi kwa kufuata mpangilio wa foleni, hivi kwamba anayetazama kwa nje huona kila kitu kimekwenda kwa zamu. Kufuatilia nani anangoja nini kunahitaji transista nyingi na umeme wa ziada, na ndiyo sababu wahandisi wa Intel walikubali kuuacha utaratibu huo walipobuni Atom ya kwanza.

Walichoweka badala yake ni Hyper-Threading, nami naiheshimu kwa kadiri yake. Ni sawa na kumwekea karani yuleyule foleni ya pili, ili wa foleni ya kwanza akikwama amgeukie wa foleni ya pili. Ukisikiliza muziki huku unaandika barua, N270 haina neno. Lakini kazi moja nzito isiyogawanyika, mfano ukurasa wa wavuti uliojaa hati za JavaScript, hujipanga kwenye foleni moja tu, na hapo ile foleni ya pili haina msaada wa maana.

Niliziweka mashine hizi bega kwa bega na kufungua hati ileile ya PDF, ndefu, yenye kurasa zilizopigwa skani. Kwenye N270 kila ukurasa mpya ulitokea kwanza ukiwa mweupe mtupu, kisha maandishi yakajitokeza, na nilipoendelea kushusha bila kusubiri nikawa napita kurasa nyeupe tu, moja baada ya nyingine. Kwenye E-350 ukurasa ulifika na maandishi yake, ingawa nayo ikiharakishwa kupita kiasi huachwa nyuma.

Sasa wati. N270 imeandikiwa wati 2.5, E-350 wati 18, na wapo wanaokimbilia kusema kwamba hiyo ya pili inakula umeme mara saba. Kwanza, hicho ni kiwango cha joto ambacho kipozaji kinatakiwa kukimudu kazi ikiwa nzito, wala si umeme unaotumika kila dakika. Pili, na hili ndilo linalosahauliwa, N270 haina kitengo cha michoro wala kidhibiti cha RAM ndani yake. Vitu hivyo vimo katika chipu ya 945GSE, yenye wati 6 za kwake, ikisaidiwa na chipu nyingine, ICH7-M, yenye wati 3.3, ukijumlisha zote tatu unapata wati 11.8. Wati 18 za E-350 zinabeba viini vyote viwili, michoro na kidhibiti cha RAM kwa pamoja, na nje yake inabaki chipu moja tu ya kuhudumia diski na milango ya USB. Nilipoliinua bamba la kipozaji la mashine ya N270 niliona jambo hili kwa macho: prosesa yenyewe ni kipande chembamba cha silikoni kisichozidi milimita 26 za mraba, na pesti yake ilikuwa bado na unyevu kidogo, ila ile iliyokuwa juu ya 945GSE ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Joto la mashine hiyo halikuwa likitoka mahali ambapo wengi wangelitafuta. Pamoja na hayo sitaionea N270: kwa kazi nyepesi inatumia umeme kidogo kweli, ilhali E-350 ikibanwa kwa muda mrefu feni yake hupiga kelele na upande mmoja wa kibodi hupata moto.

Kwenye video hakuna ushindani. Michoro ya GMA 950 iliyomo ndani ya 945GSE haiwezi kufumbua video za muundo wa H.264, kwa hiyo mzigo wote humwangukia karani yule mmoja, na video ya 720p hukwamakwama. Radeon HD 6310 ina saketi maalumu ya kufumbua video hizo, na tangu toleo la 3.10 la kerneli (sehemu ya msingi) ya mfumo endeshi wa Linux, mwaka 2013, kiendeshi huria kinaweza kuitumia. Video za miundo mipya kama VP9 saketi hiyo haizijui, na hapo hata E-350 huhangaika.

Kwa anayetaka kuitumia mashine leo, jambo zito zaidi ni biti, yaani upana wa namba ambazo prosesa huzishughulikia kwa mara moja. N270 ni ya biti 32 pekee, na kwenye 945GSE haivuki GB 2 za RAM. Kati ya mifumo endeshi ya Linux, Ubuntu iliacha kutoa diski za usakinishaji za biti 32 kwa kompyuta za mezani kuanzia toleo la 17.10, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haitoi tena kisakinishi cha prosesa za namna hii. E-350 ni ya biti 64 na inakubali hadi GB 8, lakini haina amri za SSE4.2 (kundi la amri za ziada za prosesa), kwa hiyo Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki juu yake, na Red Hat Enterprise Linux 9 nayo haiipokei.

Kuna heshima moja ambayo N270 inastahili. Udhaifu wa Meltdown na Spectre, unaoiwezesha programu kusoma siri zilizomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ulipotangazwa Januari 2018, Atom hizi za mwanzo hazikuguswa, kwa kuwa prosesa isiyotekeleza amri kwa kukisia (kabla ya kujua kama zitahitajika) haina makisio ya kuvujisha siri. E-350 ilisalimika na Meltdown, lakini haikusalimika na Spectre.

Nimezifunga zote mbili tena. E-350 nimeiwekea SSD (diski ya kasi) na GB 8 za RAM, inaendesha Debian 13 yenye mazingira ya michoro ya Xfce, na ndiyo ninayoandikia maneno haya, vichupo vinne vya kivinjari vikiwa wazi. N270 nimeibakiza na Debian 12 isiyo na mazingira ya michoro, nikaichomoa kwenye mtandao, nikaipa kazi ya kuandikia rasimu kwenye skrini nyeusi. Anayeniuliza kama ainunulie N270 yake SSD ninamwambia asitoe fedha hiyo: programu zitafunguka mapema kidogo, kisha zikishafunguka atamkuta karani yuleyule amekaa dirishani, anangoja kitambulisho.