Jodari wanaopotea kwenye daftari

Kwa mkaguzi wa uvuvi, meli isiyo na leseni ni rahisi kuitambua. Kazi ngumu ni yenye leseni inayoandika uongo kwenye daftari la samaki iliowavua. Jodari wanaovuliwa kwa mishipi mirefu, yaani kamba ndefu zenye ndoana nyingi, hutolewa matamvua na matumbo kabla ya kugandishwa. Usipouliza kama kilo zilizoandikwa ni za samaki mzima au aliyesafishwa, karibu sehemu ya kumi ya mzigo hutoweka bila kelele.

Kwenye nyavu za kuzungushia, ujanja uko kwenye spishi: wachanga wa jodari macho makubwa huandikwa jodari mapezi njano, maana wanafanana mno. Ukishuku, pasua tumbo. Ini la macho makubwa lina michirizi pembezoni. La mapezi njano halina michirizi, na sehemu yake ya kulia ni ndefu zaidi.

Daftari peke yake halitoshi. Angalia pia njia ya meli: imekaa saa kadhaa ubavuni mwa meli ya jokofu? Huenda ilihamishia samaki humo.