“Waiuza Wapi?” Swali la Ami Yangu Kuhusu Wizi wa Madukani California

Nimekuwa Lamu kwa majuma matatu sasa, na kila siku baada ya sala ya alasiri huketi katika duka la ami yangu kwenye Usita wa Mui, pale pale nilipojifunza kupima mchele na kuandika madeni ya watu kabla sijahamia Marekani miaka kumi na moja iliyopita. Ami hafungi mlango aendapo kusali. Hulaza mkongojo wake juu ya viti viwili mlangoni, na kila apitaye huelewa kwamba mwenye duka yuko msikitini. Jumatatu iliyopita aliniuliza kazi yangu ya huko ikoje, nami nikajikuta nikimsimulia habari za funguo.

Nafanya kazi katika duka la dawa na vipodozi karibu na Oakland, katika jimbo la California, na kiunoni hubeba funguo kumi na nne. Nyembe, sabuni za kufulia, maziwa ya unga ya watoto na dawa za mafua, vyote vimefungiwa ndani ya makabati, na anayevihitaji hubonyeza kengele akasubiri mmoja wetu afike. Siwezi kumsahau mama mmoja wa makamo ya bibi yangu aliyebonyeza kengele mbele ya kabati la nepi za watu wazima. Kipaza sauti kikatangaza duka zima kwamba kuna mteja anayehitaji msaada katika sehemu hiyo, na nilipofika na ufunguo wangu nilimkuta ameshaondoka, kikapu chake amekiacha sakafuni.

Makabati hayo yana sababu. Usiku mmoja waliingia vijana wanne wenye mabegi makubwa. Mmoja akabaki mlangoni na simu sikioni, wawili wakawa wanakumba rafu, nyembe kama mia mbili, na wa nne akawasomea kutoka kwenye karatasi kitu cha kuchukua na kitu cha kuacha. Hawakukimbia. Sisi wafanyakazi tumekatazwa kumgusa mwizi, na ni katazo la haki, kwa kuwa hakuna sabuni yenye thamani ya roho ya mtu. Kilichonitia baridi ni ile karatasi. Mwenye njaa haibi kwa orodha. Yule kijana alikuwa ameagizwa.

Ami akauliza, “Na sirikali yenu yatenda nini, mwanangu?” Nikamweleza kwa kirefu, maana yametendwa mengi. Mwaka 2014 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 47, lililofanya wizi wa mali isiyozidi dola 950, yaani zaidi ya shilingi 120,000 za Kenya, kuwa kosa dogo katika hali nyingi, kwa nia ya kupunguza msongamano wa magereza. Wenye maduka walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba magenge yameigeuza hesabu hiyo kuwa kibali. Mwaka 2019 polisi wa barabara kuu wa jimbo walipewa kikosi maalumu cha kupambana na magenge hayo, na mwaka 2023 jimbo likagawa dola milioni 267 kwa idara 55 za polisi, masherifu na waendesha mashtaka. Agosti 2024 Gavana Gavin Newsom alitia saini mfululizo wa sheria mpya, na Novemba mwaka huo huo wapiga kura, wapatao asilimia 68, wakapitisha Pendekezo la 36, ambalo gavana mwenyewe alilipinga. Sasa mtu aliyekwisha kutiwa hatiani mara mbili kwa wizi anaweza kushtakiwa kwa kosa kubwa hata akiiba kitu cha dola tano.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho huku akifunga karafuu kwenye vijikaratasi. Kisha akasema, “Hayo yote ni ya mkono uibao. Hizo nyembe mia mbili, wezi hao waiuza wapi mali hiyo? Mtu mmoja hana ndevu za kiasi hicho.”

Sikuwa na jibu la haraka, na tangu siku hiyo swali hilo halijaniacha. Alilisema mtu anayejua analolisema. Mwaka jana jirani yake aliibiwa mashine ya boti usiku. Ikavushwa hadi Mokowe, ikapakiwa garini, ikafikishwa kwa fundi mmoja Malindi. Fundi akaomba karatasi za ununuzi, muuzaji akababaika, na kabla ya magharibi simu ilikuwa imeshafika Lamu. Wezi tunao, tena wengi, na unga, yaani dawa za kulevya, umewazidisha. Aliyekosekana siku ile ni mnunuzi. Hata Kanuni ya Adhabu ya Kenya imelizingatia hilo: wizi wa kawaida adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitatu, ilhali anayepokea mali ya wizi huku akijua anaweza kufungwa hadi miaka kumi na minne.

Ndiyo maana, katika yote niliyomtajia ami, ninaloliona kuwa na uzito zaidi ni lile lisilozungumzwa sana. Tangu tarehe 27 Juni 2023 kuna sheria ya shirikisho iitwayo INFORM, inayoyalazimu masoko ya mtandaoni kumtambua muuzaji yeyote aliyefanya mauzo 200 au zaidi ya bidhaa mpya na kupata dola 5,000 au zaidi ndani ya miezi kumi na miwili: akaunti yake ya benki, namba yake ya kodi, mahali anapopatikana. Akifikisha dola 20,000 kwa mwaka, wanunuzi nao wanapaswa kuonyeshwa jina lake na njia ya kumfikia. Soko likipuuza linaweza kutozwa zaidi ya dola 50,000 kwa kila kosa. Kwa maneno mengine, soko limeamrishwa kuwa kama fundi wa Malindi. California nayo, katika sheria zile za 2024, imeweka kosa la kumiliki mali ya wizi yenye thamani ya zaidi ya dola 950 kwa nia ya kuiuza.

Ni lazima niseme pia kwamba hofu imewahi kutiwa chumvi. Desemba 2023 chama kikuu cha wenye maduka Marekani kililazimika kufuta dai lake kwamba karibu nusu ya hasara ya dola bilioni 94.5 ilitokana na magenge. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu tarakimu ya uongo humpa nguvu asemaye kwamba hakuna tatizo lolote, na mimi ile karatasi niliiona kwa macho yangu.

Kesho kutwa navuka kwenda Manda kupanda ndege. Mwezi ujao ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti yetu itakutana na wafanyakazi wa maduka kueleza kesi zilizofunguliwa chini ya Pendekezo la 36, na nimeshaomba nafasi ya kuuliza. Nitauliza ni wanunuzi wangapi walioshtakiwa, na yuko wapi aliyeiandika ile orodha.