Jiwe la bibi, 12,000

Mwanga ya Kigoma mjini mpaka Kasulu sina cha kusimulia, basi lilijaa, gesti 20,000 yenye kunguni na maji ya kuoga unaletewa kwenye ndoo. Asubuhi nikachukua boda kwenda Heru Juu, dogo kasema 15,000, tumefika kilima cha kwanza anadai mlima haukuwemo kwenye bei. Nikaongeza 5,000, ningefanyaje.

Nilikuwa natafuta matongo ya kina bibi, pale walipokaa kabla ya Operesheni Kigoma ya 1972, watu walipotolewa huko milimani, kila mtu alipokuwa na mji wake na migomba yake, wakapelekwa kujipanga kwenye vijiji vya ujamaa. Mama alikuwa na miaka 9. Mi nilitegemea nione kuta, ngazi, kitu cha kupiga picha bwana, wapi! Nyumba ya miti na nyasi haiachi gofu. Kilichobaki ni minyaa ya uzio, imekuwa miti mirefu, imesimama duara katikati ya maharage ya mtu. Ndani mafiga matatu, moja limelala, na jiwe la kusagia lililolika katikati mpaka ukiweka kiganja kinatulia chenyewe.

Nimekaa nimelishika, naanza kulengwalengwa machozi, mara mzee huyu hapa na jembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

Nikamtaja babu. Akashika kichwa, mjukuu wangu! Akanionyesha bibi alipokuwa anaanika mtama, ng'ombe walikolala, yaani kila kitu anakijua. Halafu akakohoa. Shamba sasa ni lake, na hilo jiwe mkewe analitumia, ila kwa kuwa ni mimi, 30,000. Nimebembeleza kama niko sokoni kwa mali ya bibi yangu mwenyewe, tukaishia 12,000. Boda naye akalipandishia jiwe nauli, eti ni abiria wa pili, na kondakta vilevile.

Nimefika Mwanga mgongo umekufa, nikaliweka mbele ya mama. Akalizunguka. Akalipapasa. Kimya. Nikajua analia.

"La kwetu shangazi yako alilibeba siku ya lori," akasema, "likamponyoka njiani likapasuka vipande viwili, bibi yako akamchapa. Hili umelitoa kwa nani?"